Mwenye Shimo: Mafuta Yanayovuja Ardhini na Wajibu wa Kuyatafuta

Maiti huzikwa ili asitiriwe, mbegu hufukiwa ili ichipue, na taka hufukiwa ili isionekane tena. Lakini tangi la mafuta lililo chini ya kituo cha petroli, ambacho mitaani wengi bado hukiita sheli, hufukiwa ili lifanye kazi kila siku pasipo mtu kuliona, na hali hiyo ya kutumika bila kuonekana ndiyo inayozaa swali ambalo vitabu vya dini na vya falsafa havijalijibu moja kwa moja, ingawa vina mengi ya kusaidia kulijibu. Swali lenyewe ni hili: ikiwa tangi linavuja polepole, na mwenye tangi hajui, na jirani anayechota maji katika kisima chake naye hajui, na hakuna ladha wala harufu iliyowashtua, je, yupo aliyekosea? Jibu la haraka ni kwamba asiyejua hana kosa, na jibu hilo lina heshima yake katika dini mbili kubwa za Afrika Mashariki, ambazo zote huitazama nia kabla ya kulihukumu tendo. Hoja itakayojengwa hapa ni tofauti: anayefukia chombo cha aina hiyo hufukia pamoja nacho deni la kuchunguza, na deni hilo huanza siku ya kufukia, wala halingoji siku ambayo madhara yatagundulika.

Morogoro ni mahali panapofaa kulifikiria jambo hili, si kwa sababu vituo vyake ni vibovu kuliko vya miji mingine, bali kwa namna ambavyo barabara na maji hukutana hapo. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika Msamvu, mkono mmoja ukienda Dodoma na mwingine ukielekea Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na kwa hiyo malori ya mafuta ya nusu ya nchi na ya majirani hupita katika makutano hayo; bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 na lililoanza kazi mwaka 1968, nalo hupita katika mkoa huohuo likielekea Ndola. Juu ya yote hayo imesimama Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu hufika mita 2,630, na ambayo misitu yake hukinga mawingu ya Bahari ya Hindi na kuyageuza kuwa vijito vinavyoshuka pande zote. Mto Morogoro hukatiza mjini, Ngerengere hujaza bwawa la Mindu linalowanywesha wakazi wengi wa mji na kisha huendelea hadi kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotegemewa na Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maji yake. Mtu anayefukia kitu chini ya miguu ya milima hiyo hufukia juu ya njia ya maji ya watu ambao hatawaona kamwe.

Kabla ya kuzungumzia wajibu ni lazima ieleweke jinsi jambo lenyewe linavyotokea, maana wanaojadili maadili ya mazingira mara nyingi huyaruka mambo ya fundi na kukimbilia mahubiri. Tangi la chuma lisilokingwa, likiwa katika udongo wenye unyevu na chumvi, huliwa na kutu kutoka nje. Maungio ya mabomba yanayopeleka petroli kwenye pampu hulegea. Na wakati wa kushusha mafuta kutoka kwenye lori, tangi likijazwa kupita kiasi, lita kadhaa humwagika kuzunguka mdomo wake na kupotelea chini ya zege. Kila asubuhi mhudumu huingiza kijiti cha kupimia kina na kulinganisha alichokiona na hesabu ya pampu, lakini petroli hupanuka kwa joto na hupotea kwa mvuke, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya hesabu mbili hizo huonekana ni ya kawaida, na uvujaji wa lita moja kwa siku unaweza kujificha ndani ya tofauti hiyo mwaka baada ya mwaka. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1984 ililazimisha matangi kusajiliwa na kukaguliwa, uvujaji uliothibitishwa umezidi 500,000, na idadi hiyo haikuonyesha kwamba Wamarekani ni wazembe kuliko watu wengine. Ilionyesha tu kinachoonekana pale mtu anapoamua kutazama.

Petroli iliyotoka tangini hushuka kwa uzito wake katika udongo hadi ikutane na maji ya ardhini, yaani maji yaliyojaa katika matundu ya udongo na nyufa za mwamba, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Usawa wa maji unapopanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, mafuta nayo hupanda na kushuka, yakiupaka udongo kwa kina chote hicho. Sehemu yake huwa mvuke unaopenya hadi kwenye sakafu za nyumba, na sehemu nyingine huyeyuka katika maji na kusafiri nayo, ikifanya mkia wa uchafu unaorefuka kuelekea kule ambako maji yanaelekea. Kiini kinachoogopwa zaidi ni benzini, kimiminika kisicho na rangi kilichomo ndani ya petroli, ambacho wataalamu wamethibitisha kwamba husababisha saratani ya damu, na ambacho Shirika la Afya Duniani limependekeza kisizidi miligramu 0.01 katika lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya petroli ambayo asilimia moja yake ni benzini inabeba gramu saba hivi za kitu hicho, kiasi ambacho, kama kingeyeyuka chote, kingetosha kuzifikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho. Chini ya Uluguru mambo huzidi kuwa magumu, kwa kuwa mwamba wa huko ni wa kale mno, wa jamii ya naisi na miamba mingine iliyobadilishwa kwa joto na mgandamizo, na chini ya udongo wake uliooza maji hayaendi kwa upana mmoja bali hufuata nyufa. Kisima kilicho karibu kinaweza kubaki salama huku cha mbali kikiharibika.

Kuchunguza, basi, si kuinama na kunusa. Wachunguzi hutoboa ardhi kwa keke, huchukua udongo wa kila kina na kuufungia mara moja ili mvuke usitoroke, na huweka mabomba membamba yenye matundu yanayogeuka visima vya uangalizi. Visima hivyo huwa vitatu kwa uchache, kwa kuwa kwa kulinganisha usawa wa maji katika sehemu tatu zisizo katika mstari mmoja ndipo mwelekeo wa maji unapoweza kujulikana. Sampuli za maji hujazwa hadi mdomoni katika chupa za kioo, hupozwa na kupelekwa maabara. Hata kutoboa kwenyewe kuna hatari, maana shimo lililochimbwa vibaya huwa njia mpya ya uchafu kushukia tabaka la chini ambalo hapo awali lilikuwa safi. Kuijua hali ya ardhi kunadai fedha, ustadi na subira, na hayo matatu ndiyo yanayofanya kutokujua kuwe rahisi na kuvutie.

Sasa dini zina la kusema. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo katika mlango wa tohara hufundisha kwamba maji yaliyofika kiasi cha qullatain, yaani mitungi mikubwa miwili, sawa na lita 200 hivi, hayawi najisi kwa kuingiwa na uchafu ila rangi yake, ladha yake au harufu yake ibadilike. Petroli haihesabiki kuwa najisi kwa maana ya damu au mkojo, kwa kuwa asili ya vitu ni tohara, lakini ikiyabadilisha maji kiasi cha kuyaondolea jina la maji, hayafai tena kwa udhu. Kanuni hii ni ya busara na huruma, kwa maana humpa mtu wa kawaida, asiye na chombo chochote, vipimo vitatu ambavyo Mungu amemuumbia mwilini. Tatizo ni kwamba benzini huanza kuonjeka ulimini inapofika takriban nusu miligramu katika lita, na watu wengine hawaioni ladha yake hadi ipite miligramu 4, ilhali pua huhitaji miligramu 10 hivi ili kuitambua. Kati ya kikomo cha afya na ladha ya kwanza kabisa kuna tofauti ya mara 50, na ndani ya nafasi hiyo yote maji ni halali kwa udhu, matamu mdomoni, na yanadhuru.

Haifuati kwamba fiqhi imekosea. Mlango wa tohara uliandikwa ili kujibu swali la ibada, si la sumu, na mtu anayeyatumia maji hayo kwa nia safi ibada yake haina doa. Kinachofuata ni kwamba ushahidi wa hisi za mwili, ambao kwa karne nyingi ulitosha kumlinda jirani dhidi ya jirani, hautoshi tena, na mzigo wa ushahidi lazima uhamie kwa mtu mwingine. Nani basi? Mchotaji hana keke wala maabara. Serikali ina wakaguzi wachache na vituo vingi. Anayebaki ni yule aliyefukia, ambaye peke yake anajua tangi liliwekwa lini, ni la chuma gani, na hesabu za pampu zimekuwa zikipungua kwa kiasi gani.

Sheria za kale zilishaifikiria hali inayofanana na hii. Sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka humtaja mtu anayechimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia. Mwenye shimo hulipa thamani ya mnyama, na hakuna anayeulizwa kama alikusudia ng'ombe afe, wala kama alikuwapo alipotumbukia. Mafakihi wa Kiislamu walikuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa walitofautisha anayedhuru kwa mkono wake, ambaye hulipa hata kama hakukusudia, na anayesababisha tu, ambaye hulipa ikiwa alivuka mpaka wake. Na mfano wao maarufu wa msababishaji ulikuwa ni huyohuyo mchimba kisima, ambaye akichimba katika njia ya watu bila ruhusa hudhamini kila atakayeanguka, lakini akichimba katika kiwanja chake mwenyewe hadhamini. Tofauti hii inaonekana kumpa mwenye kituo kimbilio, kwani tangi lake limo ndani ya kiwanja chake. Hata hivyo Majalla, mkusanyo wa sheria za madai uliotungwa katika Dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, una kifungu cha 1212 kinachohusu mtu anayechimba shimo la maji machafu karibu na kisima cha mwenzake hata maji ya kisima yakaharibika: madhara yaondolewe, na kama hayawezi kuondolewa, shimo lifukiwe. Hapo umiliki wa kiwanja haumwokoi mwenye shimo, kwa kuwa kilichovuka mpaka si mguu wa mtu aliyeingia bila kuitwa, bali ni uchafu wa mwenye shimo uliokwenda kwa jirani pasipo kualikwa.

Nchini Tanzania kimbilio hilo la kiwanja changu ni dhaifu zaidi, na pengine hiki ndicho kipengele kisichotiliwa maanani vya kutosha katika mazungumzo ya dini na mazingira. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, ikiwa mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na mwananchi hupata haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayaweka maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, chini ya udhamini wa namna hiyohiyo. Mtu anayechimba shimo Msamvu, Kihonda au Mazimbu, kwa hiyo, daima huchimba katika kitu alichokabidhiwa, na kwa kipimo cha mafakihi yuko karibu zaidi na mchimbaji wa njiani kuliko na mwenye kiwanja. Waislamu wanaosoma kwamba mwanadamu amewekwa duniani kuwa khalifa, na Wakristo wanaosoma kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, hukuta mafundisho yao yameandikwa upya kwa lugha kavu ya mawakili. Na Waluguru wenyewe, ambao kwa desturi yao ardhi ni ya ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, na ambao pamoja na Wazaramo waliliendea pango la Kolelo milimani kuomba mvua na rutuba, hawakuhitaji sheria ya 1999 ili kujua kwamba anayelima shamba halimiliki peke yake.

Inabaki hoja ya nia, ambayo ni nzito. Je, inawezekana kumlaumu mtu kwa asichokijua? Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye mafundisho yake yaliunda sana fikra za Kanisa Katoliki, Kanisa lenye mizizi mirefu Uluguru, alitenganisha kutokujua kusikoweza kushindwa, ambako humwondolea mtu hatia, na kutokujua kunakoweza kushindwa, yaani kule ambako mtu angeweza kukuondoa kwa juhudi iliyo ndani ya wajibu wake, akaacha. Mgawanyo huu ukiletwa kituoni, unakata vizuri. Mwanamke wa Kilakala anayenywa na kunywesha wanawe maji ya kisima chenye benzini yuko katika kutokujua kusikoshindika, na hana lawama yoyote. Mwenye tangi hayuko huko, kwa sababu njia ya kujua ipo, inafahamika na ina bei. Akikataa kulipa bei hiyo, kutojua kwake kunakuwa kitu alichokinunua kwa kuokoa fedha. Fiqhi huufikia ukingo huohuo kwa njia nyingine, ikisema kwamba dhambi huondoka kwa kukosekana kusudio lakini dhamana ya mali ya mtu hubaki, na mtu anayejua kwamba dhamana itabaki ana kila sababu ya kutazama mapema.

Kuna jambo jingine linalopotosha hukumu za watu, nalo ni nguvu ya kile kinachoonekana. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakajaa kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na waliofariki papo hapo pamoja na waliofia hospitalini baadaye wakazidi 100. Taifa liliomboleza kwa siku tatu, na mpaka leo hakuna mtu wa Morogoro anayehitaji kukumbushwa. Maombolezo yale yalikuwa haki. Lakini petroli ileile, ikipita chini ya zege mita chache kutoka barabarani, haiombolezewi na yeyote, kwa kuwa haiui mahali pamoja wala siku moja, na mgonjwa wa saratani ya damu hawezi kuonyesha kwa kidole tone lililomdhuru. Maadili yanayosubiri kilio ndipo yaamke yatakuwa daima upande wa uvujaji wa polepole.

Mfano mwingine wa upotofu huo uko kando ya mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito, na kwa mujibu wake wakulima wa mboga wanaolima kandokando ya mito huambiwa waondoke. Nia ya sheria ni njema, lakini kipimo chake hupimwa kwa kamba juu ya ardhi, mahali ambapo jembe linaonekana; mkia wa benzini hausomi kamba. Mkulima mwenye tuta la kabichi mita 40 kutoka mtoni anajulikana kwa jina, ilhali tangi lililo mita 100 kutoka mto huohuo, juu ya ufa unaouelekea, linatimiza masharti. Waluguru wana kumbukumbu ndefu ya kufundishwa utunzaji wa udongo na watu wasiojitazama: mwaka 1955 waliinuka dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na waliolaumiwa kwa mmomonyoko walikuwa wao, si mji uliokuwa ukikua chini yao. Kulikuwa na dalili ya haki zaidi katika mpango ulioendeshwa na mashirika ya CARE na WWF, ambapo wakulima wa Kibungo walilipwa kwa kuhifadhi miteremko, na waliochangia ni watumiaji wa maji walio chini, ikiwamo mamlaka ya maji ya Dar es Salaam na kiwanda cha soda. Mpango huo ulikubali kwamba anayetunza maji juu ya mlima anamtendea wema anayeyanywa chini. Haukuwa na la kusema kuhusu aliye katikati, ambaye anayapokea yakiwa safi na kuyapitisha.

Nje ya Morogoro kuna kisa ambacho kinapaswa kusomwa na kila anayedhani haya ni mawazo matupu. Mwezi Mei 2015, mwezi uleule Papa Fransisko alipotia saini waraka wake wa Laudato si' kuhusu utunzaji wa dunia, petroli ilivuja Thange, Kibwezi, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi lililokuwa likitumika tangu 1978. Halikuwa tangi, bali ni chombo cha jamii moja nalo: chuma chakavu kilichofukiwa. Mafuta yaliingia katika udongo, mto na visima, na madai ya fidia yakachukua miaka. Thange iko Ukambani, na ni kwa kuichunguza lugha ya Kikamba, pamoja na ya Wakikuyu, ndipo John Mbiti, aliyezaliwa Kitui, alipojenga hoja yake mashuhuri ya mwaka 1969 kwamba wakati katika fikra za Kiafrika una Sasa na Zamani, na kwamba mustakabali wa mbali karibu haupo, kwa kuwa mambo yake hayajatokea. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Kiakan, na wengine wengi wakamfuata. Hoja ya Mbiti ikikubaliwa kama ilivyo, wengine watasema kwamba haiwezekani kudai wajibu kwa watu ambao hawajazaliwa.

Lakini hitimisho hilo halifuati, na uvujaji ndio unaoonyesha kwa nini. Zamani ya Mbiti si ghala la mambo yaliyokufa. Ni bahari ambamo matukio huingia na kuendelea kuwa na nguvu juu ya walio hai. Petroli iliyotoka tangini mwaka 1990 ni tukio lililokwisha kutendeka, lenye mtendaji, mahali na siku, ijapokuwa siku hiyo haijulikani. Kinachokuja ni kuwasili kwake tu. Anayeyachunguza maji leo kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa baada ya miaka 20 hahitaji kuamini chochote kuhusu mustakabali, maana analipa deni la jana. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu uwajibikaji, aliujenga wajibu kwa vizazi vijavyo juu ya hofu ya yanayoweza kutokea. Hofu hiyo ina maana yake kwa mambo makubwa kama silaha za nyuklia, lakini kwa tangi la kituo cha barabarani, njia ya Mbiti, ambayo Mbiti mwenyewe hakuipita, ni fupi na imara zaidi.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa linatoka kwa wanaoijua ardhi. Udongo una bakteria wanaokula haidrokaboni, yaani kemikali za mafuta, na pale penye oksijeni ya kutosha huimaliza benzini kwa kasi. Kwa hiyo sehemu nyingi zilizochafuka hupona zenyewe, na kuzichimbua kwa mashine kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko faida. Ni kweli, na katika ukweli huo muumini anaweza kuona rehema iliyotangulia kuwekwa udongoni. Lakini oksijeni ikiisha, kama inavyoisha haraka mahali palipojaa mafuta, kazi hiyo hupungua sana na inaweza kuchukua miongo. Na wataalamu wanaoruhusu ardhi ijitibu huiruhusu kwa sharti la kuipima mara kwa mara kwa visima vya uangalizi. Kumwachia Mungu kazi bila kutazama kama inafanyika si tawakali. Pingamizi la gharama ni la kweli pia kwa mwenye kituo kimoja kidogo Mikese au Mvomero, na linaonyesha kwamba ukaguzi huenda ukahitaji mfuko wa pamoja unaochangiwa kwa senti chache za kila lita. Halionyeshi kwamba gharama hiyo ibebwe na mchotaji wa maji.

Toba ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Wanazuoni wa Kiislamu hukubaliana kwamba dhambi inayogusa haki ya mja haitoshi kuombewa msamaha kwa Mungu mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe, na kwamba mwenyewe asipojulikana, mali hiyo hutolewa kwa maslahi ya umma. Waliodhuriwa na uvujaji ni watu wa namna hiyo hasa, hawajulikani na pengine hawatajulikana kamwe, na kuchimba kisima salama kwa mtaa ulio upande ambao maji yanaelekea kungekuwa namna iliyo wazi ya kurudisha. Mambo huwa mazito zaidi mwenye kituo anapofariki na pampu kung'olewa, kwa maana tangi hubaki. Sheria ya mirathi ya Kiislamu haigawi urithi mpaka madeni ya marehemu yalipwe, na kama uvujaji ni deni, basi warithi hawawezi kujua kilichopo cha kugawana kabla ya ardhi kutobolewa na maji yake kupimwa. Na pale ambapo kiwanja ni cha ukoo wa mama, kama ilivyo kwa wengi milimani, kinachorudi kwa wajomba na dada ni udongo pamoja na chuma kilicho ndani yake. Kikao cha warithi kitakachoketi juu ya kiwanja kama hicho kitapaswa kuamua, kabla ya hesabu ya theluthi na nusu, ni nani atakayemlipa mtoboaji.